Hakuchelewa, Alicheleweshwa

Ninalo daftari la kurasa 32, la aina ile wanayonunuliwa watoto wanaoanza darasa la kwanza. Lilikuwa la marehemu mama mdogo. Kwetu vijijini mgonjwa huenda zahanati na daftari lake mwenyewe, na humo ndimo huandikwa kila kitu: tarehe, anachoumwa, dawa alizopewa, arudi lini. Ukurasa wa kwanza una tarehe 11 Februari na maneno machache kwa kalamu ya bluu: uvimbe titi la kushoto, hauumi. Chini yake, amoksilini na Panadol.

Ninayo pia karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, muhtasari kutoka hospitali kubwa ya rufaa, ya tarehe 20 Februari mwaka uliofuata. Inasema saratani ya titi, hatua ya tatu. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada mtu ameongeza kwa mkono: mgonjwa alichelewa kufika hospitali.

Kati ya maandishi hayo mawili kuna siku 374.

Aliyeandika mstari ule wa mwisho simwoni kuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni mlangoni, akaandika kile ambacho nchi nzima imeshakikubali kuwa ni kweli. Tunakisikia kila Oktoba, mwezi wa fulana za waridi. Watu wanatembea asubuhi huku matarumbeta yametangulia, mgeni rasmi anapanda jukwaani na kusema: akina mama, jitokezeni mpimwe, acheni imani potofu, acheni kukimbilia kwa waganga wa kienyeji, mnatufikia mkiwa mmeshachelewa. Watu wanapiga makofi. Kesho yake magazeti yanaandika hivyo hivyo, na mikoa ambayo wanawake wake wengi hufika na saratani ya hatua ya tatu au ya nne inapewa sababu moja tu: elimu ndogo.

Maoni hayo nayapinga. Sisemi kwamba elimu ya afya haina kazi, wala kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuuficha uvimbe wake kwa woga. Wapo, na nitawafikia. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya mkoa na mkoa, na kati ya nchi na nchi, haitokani na akili za wanawake. Inatokana na yale yanayowapata baada ya kuwa wameshafungua mdomo.

Kwanza tuelewane tunabishania nini. Saratani ya titi ya hatua ya kwanza ni kinundu kisichozidi sentimita mbili. Hatua ya tatu imeshaingia kwenye ngozi, au kwenye ukuta wa kifua, au imejaza mitoki ya kwapani. Hatua ya nne imeshahama titi na kufika kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Huko Marekani, mwanamke ambaye saratani yake haijatoka kwenye titi ana nafasi ya asilimia 99 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mwilini, nafasi hiyo inashuka hadi karibu asilimia 30. Mwaka 2016 watafiti walizikusanya pamoja tafiti 83 kutoka nchi 17 za Afrika iliyo kusini mwa Sahara, wakakuta kwamba wanawake weusi 77 katika kila 100 waligunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa Tanzania makadirio ni karibu 80 katika kila 100. Kwa hiyo tunabishania uhai, na tunabishania nani alaumiwe unapopotea.

Sasa tuitazame ramani. Anayesema sababu ni ujinga anieleze kwa nini ujinga unafuata barabara. Redio inayosikika Moshi ndiyo inayosikika Kigoma. Wimbo wa kampeni ni ule ule, bango ni lile lile, Kiswahili ni kile kile. Kinachobadilika ukitoka Kilimanjaro kwenda Katavi ni idadi ya madaktari, mashine za ultrasaundi, hali ya barabara wakati wa masika, na bei ya nauli.

Sisi tunaotoka Rukwa tunajua ubishi huu unavyomalizwa. Ukitaja Sumbawanga tu, mtu anacheka na kukuuliza kama unasafiri kwa ungo. Jina lenyewe la mji husimuliwa kwamba maana yake ni kutupa uchawi. Kwa sababu hiyo, mwanamke wa Rukwa akifika na titi lenye kidonda hakuna anayemuuliza amepitia wapi. Jibu wanalo mfukoni kabla hajakaa kwenye kiti. Mama mdogo aliishi chini kabisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Kutoka pale hadi mjini Sumbawanga unapanda ule mteremko mkali tunaouita Lyamba lya Mfipa, kwa gari la mizigo, na mvua zikikolea gari halipandi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa miaka mingi, tiba ya mionzi kwa nchi nzima ilipatikana Dar es Salaam peke yake, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ndani ya majengo yaliyoachwa na Wajerumani. Baadaye Bugando ya Mwanza nayo ikaanza kutoa mionzi, na watu wa Kanda ya Ziwa wakapumua kidogo.

Chukua wanawake wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja, waliougundua siku moja. Wa Ilala anapanda daladala. Wa Kigoma anatafuta nauli ya watu wawili, maana hawezi kusafiri peke yake, anatafuta ndugu wa kufikia Dar, na anatafuta wa kubaki na watoto kwa muda ambao hakuna anayeweza kumtajia. Sera inasema matibabu ya saratani ni bure. Nauli si bure, na vipimo vingi anavyotakiwa kuwa navyo kabla hajafika huko analipia mwenyewe. Wa Ilala akifika hatua ya pili na wa Kigoma akafika hatua ya tatu, tumepima umbali wa nyumba zao.

Hata hivyo takwimu zetu bado zinawapendelea walio mbali. Mwanamke anayefia nyumbani kwake Mpanda bila kipimo haingii kwenye hesabu ya hatua ya nne. Haingii kwenye hesabu yoyote. Mkoa unaoonekana una wagonjwa wachache wa saratani ya titi huenda ni mkoa usio na mtu wa kuipima, na hatari ya kusoma jedwali hilo vibaya ni kwamba fedha zitapelekwa kule zilikokwenda mwaka jana.

Na huko nje ya mipaka yetu je? Kati ya mwaka 2014 na 2017 watafiti waliandikisha wanawake wenye saratani ya titi kwenye nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, wakawafuatilia kwa simu. Baada ya miaka mitatu nusu yao walikuwa wamefariki. Lakini nusu hiyo haikugawanyika sawa. Nchini Namibia, wanawake wazungu karibu tisa katika kila kumi walikuwa hai, na wenzao weusi wa nchi ile ile, chini ya serikali ile ile, walikuwa hai kidogo zaidi ya nusu. Nigeria ilikuwa kama theluthi. Kama tofauti ni akili za wanawake, basi tuseme waziwazi kwamba tunaamini akili hugawanywa kwa rangi ya ngozi. Nadhani hakuna mgeni rasmi atakayethubutu kulisema hilo jukwaani, na bado ndiko hoja yake inakoelekea.

Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika isitengenezeke. Mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika kipindi hicho mwanamke wa Gulu angeweza kuwa na shahada tatu na bado asipate mionzi ndani ya nchi yake.

Najua anayesubiriwa ni mganga wa kienyeji, basi nimfikie.

Mama mdogo alikwenda kwa mganga. Sifichi. Alikwenda Juni, akakaa huko wiki tatu. Lakini Juni ilikuja baada ya Februari, Machi na Mei. Zahanati alikuwa ameshafika mara mbili, na mara ya pili walimbadilishia dawa. Kituo cha afya alifika mara moja. Waliubonyeza uvimbe, wakamuuliza kama unauma, akasema hapana, wakamwambia usiouma hauna shida ila aende hospitali ya wilaya akipata nafasi. Maneno hayo, "akipata nafasi", yamo daftarini. Mkulima wa mahindi nafasi ataipata wapi mwezi wa Mei, mazao yakiwa shambani yanangoja kuvunwa?

Kisha mtu anashangaa alifikaje kwa mganga. Mganga alimkalisha kwenye mkeka. Alimuuliza jina la mama yake, akamuuliza anaota nini usiku, akamuuliza amekosana na nani. Alimpa jibu siku ile ile. Jibu lilikuwa la uongo, wiki tatu zile zilikuwa hasara tupu, na kwa hilo namlaumu mpaka leo. Lakini tangu Februari hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempa jibu lolote.

Neno "hauumi" linanisumbua kuliko yote yaliyomo kwenye daftari. Uvimbe wa saratani ya titi, mwanzoni, mara nyingi hauumi. Hiyo ndiyo hatari yake. Mwanamke mkulima, mwenye elimu ya msingi, alihisi kwamba kitu kisichouma na kisichoondoka kinahitaji kuonwa, akatembea saa mbili kwenda kukionyesha. Aliyekuwa na cheti ndiye aliyesema hakina shida. Simlaumu sana tabibu yule pia. Ana wagonjwa wa malaria mlangoni, na vinundu vingi vya matiti anavyoviona, hasa kwa wasichana, kweli havina madhara. Hakuna aliyemfundisha sheria moja rahisi: uvimbe uliokuwepo mwezi uliopita na mwezi huu bado upo, usipewe amoksilini, upewe rufaa yenye tarehe. Sasa niambieni, kati ya hao wawili, nani alikosa elimu?

Watafiti waliwahi kulipima jambo hili jirani kabisa, kwenye hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, Butaro na Rwinkwavu, kwa wanawake 144. Mwanamke aliyekuwa katikati ya orodha yao alisubiri miezi 15 tangu dalili ya kwanza hadi kujulikana anaumwa nini. Waliugawa muda huo, kila sehemu ikiwa na mwanamke wake wa katikati, kwa hiyo sehemu hizo hazijumlishwi kufika 15. Kabla ya kumfikia mhudumu wa kwanza: miezi mitano. Baada ya kumfikia: miezi mitano vilevile. Waliotangulia kwa waganga wa jadi walichukua muda zaidi kufika, hilo limeandikwa na silikatai. Lakini waliozungushwa na vituo vya afya kwa miezi sita au zaidi nao walikutwa na saratani iliyokomaa zaidi. Ile miezi mitano ya pili haina mganga ndani yake, na wala hotuba ya Oktoba haijawahi kuitaja.

Agosti, baada ya kuuza magunia sita ya mahindi, mama mdogo alipanda mlima kwenda mjini. Hapo ndipo mtu alitamka neno saratani kwa mara ya kwanza, akaongeza kwamba haliwezi kuandikwa mpaka kinyama kipimwe. Kinyama, ndivyo wagonjwa wanavyokiita: kipande chembamba kinachotolewa kwa sindano nene na kutiwa kwenye kichupa cha fomalini. Wengi hawajui kwamba matibabu yote ya saratani yanakisubiri kipande hicho. Bila jibu lake hakuna daktari anayeanzisha dawa za dripu, hakuna anayekata titi, hakuna anayejua kama vidonge vya tamoksifeni vitafaa. Kinatakiwa kilowekwe kwa kipimo sahihi, kigandishwe kwenye nta, kikatwe chembamba kuliko karatasi, kitiwe rangi, kisha kisomwe kwa hadubini na daktari wa patholojia. Madaktari hao ni wachache, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Kwa hiyo kinachosafiri ni kichupa. Cha mama mdogo kilisafiri kwa basi, ndani ya mfuko wa rambo, mapajani kwa mwanawe wa kiume, kwa nauli iliyochangwa na ukoo. Kilikaa wiki saba. Jibu lilirudi Oktoba: sampuli haitoshi, irudiwe.

Oktoba ile ile mjini watu walikuwa wanatembea na fulana za waridi.

Kipimo kilirudiwa Novemba. Jibu la pili lilikuja wiki ya Krismasi, rufaa ikaandikwa Januari, nafasi ikapatikana Februari. Wakati huo mitoki ya kwapani ilikuwa imejaa na ngozi ya titi imevimba na kujaa vishimo kama ganda la chungwa. Nimezihesabu siku 374 kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa. Wiki tatu za mganga naziweka upande wake. Kama siku 60 za kuvuna na kutafuta mnunuzi wa mahindi naziweka upande wake, ingawa sijui angekula nini na angesafiri kwa fedha gani bila hizo. Naongeza hata miezi miwili kabla ya daftari, tangu alipougusa uvimbe akioga. Bado upande wake haupiti theluthi moja. Siku nyingine zote alikuwa ameshasema, na anangoja.

Wapo wanaoacha elimu na kushika hoja ya maumbile: saratani za wanawake wa Kiafrika ni kali, zinakimbia. Kuna ukweli ndani yake. Aina isiyosikia dawa za homoni hupatikana zaidi kwa wanawake weusi, na huko Marekani wanawake weusi hufa kwa saratani ya titi kwa kiwango kinachowazidi weupe kwa karibu asilimia 40, ingawa hawaugui zaidi yao. Lakini hata Afrika kusini mwa Sahara zaidi ya nusu ya saratani za titi ni za aina inayosikia homoni, ile inayotibika kwa kidonge cha bei ndogo. Tena maumbile hayatofautiani kati ya Kilimanjaro na Rukwa. Saratani kali ni sababu ya kuharakisha jibu, na sisi tunaifanya udhuru wa kuchelewesha.

Wengine wanadai mashine za mamogramu kwa kila mkoa. Nia yao ni njema, ila nawaomba wasubiri. Mamogramu hutafuta kinundu ambacho mkono haujakigusa. Wanawake wetu wanafika na vinundu walivyovigusa wenyewe mwaka mmoja uliopita. Wengi hawajafika miaka 50, umri ambao matiti yamejaa na picha ya mamogramu husomeka kwa shida. Mashine ya mamogramu bila daktari wa patholojia itazalisha picha zinazosubiri kinyama, na kinyama kitaendelea kupanda basi.

Kuna jambo la woga. Linataka heshima kuliko linavyopewa. Mwanamke wa kijijini anaogopa kukatwa titi, anaogopa mume ataondoka, anaogopa hospitali ya saratani kwa sababu kila aliyemwona akienda huko alirudi kwenye jeneza. Hayo mahubiri yetu hayawezi kuyafuta, kwa kuwa ameyaona kwa macho yake. Kama wote wanaopelekwa hufika hatua ya tatu na ya nne, basi wote anaowajua wamekufa, na hofu yake ni hesabu sahihi ya kile kijiji kilichoshuhudia. Siku atakapomwona jirani amerudi, analima, anacheza ngoma harusini na titi moja, hofu itapungua. Jirani huyo anatengenezwa na jibu la haraka. Mhubiri hawezi kumtengeneza.

Haya yanawezekana, na sehemu zisizo tajiri zimeshayafanya. Sarawak, huko Malaysia, ni jimbo la misitu na mito ambako vijiji vingi hufikiwa kwa mtumbwi. Mwaka 1994 walianza mpango mdogo. Waliwafundisha wahudumu wa afya, kama 400 hivi, wa zahanati za vijijini na wa hospitali, dalili za mwanzo za saratani chache na namna ya kutoa rufaa, kisha ndipo wakawaelimisha wananchi kwa vipeperushi, mabango na mazungumzo. Ilipofika mwaka 1998, saratani za titi zilizogunduliwa kwenye hatua ya tatu na ya nne zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 60 hadi 35. Ndani ya miaka minne. Gharama yake haikufika dola elfu 40 za Kimarekani. Wanawake wa Sarawak hawakubadilishiwa vichwa kwa miaka minne. Waliwekewa mtu wa kuwasikiliza, na huyo mtu akajua la kufanya. Mumbai nako, wanawake waliofundishwa kupima matiti kwa mikono waliwapitia wenzao kila baada ya miaka miwili, katika utafiti wa zaidi ya wanawake 150,000 uliofuatiliwa kwa miaka 20. Saratani ziligunduliwa zikiwa changa zaidi, na kwa waliovuka miaka 50 vifo vilipungua karibu asilimia 30. Hakukuwa na mamogramu. Sudan, kwenye jimbo la Gezira, waliwatumia akina mama wa vijijini wenyewe kwa kazi kama hiyo. Na sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao, wanapita nyumba kwa nyumba kupima watoto na kuulizia wajawazito.

Mbona basi tunang'ang'ania hadithi ya ujinga? Kwa sababu ni nafuu. Fulana zinachapwa kwa siku moja. Daktari wa patholojia anasomeshwa karibu miaka kumi, kisha anahitaji maabara, umeme usiokatika, kemikali na mshahara wa kumfanya akubali kukaa Sumbawanga. Hotuba ya elimu inamwacha kila mwenye cheo akiwa msafi na kuweka aibu yote juu ya marehemu, ambaye hawezi kuinuka na kulifungua daftari lake. Na hadithi hiyo inaua kwa namna yake: mwanamke anayejua kwamba akifika atakaripiwa kwa kuchelewa, anachelewa zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya titi mwaka 2021, na likaweka shabaha zinazohesabika: angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe kwenye hatua ya kwanza au ya pili, mwanamke apate jibu ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni kwa mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Nimehudhuria matembezi ya waridi mara kadhaa. Sijawahi kusikia namba 60 ikitajwa jukwaani. Nimesikia mara nyingi akina mama wakiambiwa wajitokeze.

Basi Oktoba ijayo, wewe mwandishi unayepewa kipaza sauti baada ya hotuba, usiulize wanawake wangapi wamejitokeza. Muulize mganga mkuu wa mkoa: mwanamke akifika leo kwenye zahanati yako ya mbali kabisa na uvimbe usiouma, atapata jibu siku ya ngapi? Kinyama chake kitabebwa na nani, kwa nauli ya nani? Mwaka jana walipata jibu ndani ya siku 60 wangapi? Kama hajui, andika kwamba hajui, ukurasa wa kwanza. Wabunge wa mikoa ya pembezoni nao waulize swali hilo hilo wakati wa bajeti ya afya, kabla ya kuomba mamogramu ya kukatia utepe. Na ninyi madaktari wa hospitali kubwa, kabla ya kuandika kwamba mgonjwa alichelewa, ombeni daftari lake.

Watafiti wale wa nchi tano walihesabu pia watoto. Kwa kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliofariki kwa saratani ya titi, watoto 210 walibaki bila mama. Mama mdogo alikuwa na miaka 46. Aliacha wanne. Wa mwisho alikuwa darasa la tatu, na daftari lake la hesabu lilifanana kabisa na hili nililonalo mezani.

Binti yake wa kwanza sasa ana miaka 31. Bado anaishi bondeni, na zahanati yake ni ile ile. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniambia kwamba ana kitu kwapani, akienda kesho aseme nini ili wasimpe amoksilini.